Mkia wa Jina

Jumatatu, 17 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo mchana. Nilikuwa ofisini, na mabati yalipiga kelele hata nikaacha kuandika. Miaka yote mvua ya kwanza ilipoanza Abdiel alinipigia simu kutoka shambani na kusema neno lile lile, "Mama Joyce, unasikia?" kana kwamba mvua inanyesha kwake peke yake. Nilikuwa namjibu kwamba ninayo masikio. Yeye alicheka na kukata bila kuaga.

Naandika kwa sababu hiyo. Jioni nyumba haina mtu wa kuambiwa mambo ya mchana, na yasiposemwa yanalala nami kitandani.

Mume wangu, Abdiel Kaaya, alifariki mwezi wa Januari akiwa kwenye banio la mfereji. Alichutama kutoa majani yaliyoziba mlango wa maji na hakusimama tena. Walisema ni presha. Mimi ni karani wa jumuiya ya watumia maji, huku juu ya Sekei. Ninatunza orodha ya wanachama kwenye kompyuta, nani ana zamu ya maji na siku gani. Wakati wa masika hakuna anayeiuliza orodha, maji yapo hata mahali yasipotakiwa. Kiangazi kikianza, asiyekuwemo kwenye orodha havuni.

Jumanne, 18 Machi

Simu ya Abdiel imeita asubuhi kabla sijanywa chai. Ni Elihuruma, mdogo wake. Sikupokea.

Jumatano, 19 Machi

Fundi wa kompyuta amekuja. Anaitwa Oscar, anakaa Levolosi, mtu mzima mwenye miwani, ametembea na mwavuli wa mke wake wenye maua mekundu. Mzee Lesian, mwenyekiti wetu, alimtania kwamba mvua ya Meru haiogopi maua. Oscar akasema anayeogopwa ni mwenye mwavuli.

Kuanzia Juni orodha yetu inahamia kwenye sistimu mpya, na sistimu mpya haitaki majina yenye mikia. Ndivyo alivyosema, mikia. Mama Tabea, karani aliyenitangulia, alifundishwa shuleni kwamba kila kitu kinaisha kwa nukta, basi kila jina lina nukta. Mengine yana mkato. Mengine yana nafasi tupu nyuma yake, moja au tatu, kwa sababu kidole chake kilipenda kupumzika kwenye kile kitufe kirefu. Macho hayazioni nafasi hizo, lakini mashine inaziona, na jina lenye nafasi na lisilo na nafasi inaweza kuyachukua kuwa watu wawili.

Halafu kuna mkia wa tatu, ambao ni wetu wenyewe. Mwanachama akifariki hatumfuti mara moja. Zamu ya maji ni ya nyumba, na nyumba haifi siku moja na mtu. Karani anaongeza "mar" mwishoni mwa jina, kifupi cha marehemu, na programu yetu ya meseji inawaruka wote wenye mkia huo. Lakini karani haandiki kwa kusikia, hata kama yeye mwenyewe alikuwa msibani akipika. Lazima mtu wa nyumba ile aje na ndugu mmoja, waketi kwenye benchi mbele ya meza, waseme kwa kinywa chao kwamba fulani ametutoka. Mzee Lesian anasema utaratibu huu ulianza zamani, baada ya mtu mmoja kuandikwa amekufa halafu akarudi kutoka Nairobi na baiskeli mpya. Baada ya mkia kuandikwa, ukoo unakaa na kumtaja atakayeshika zamu.

Oscar aliuliza kama wenye mkia wa "mar" ni wengi. Nikasema ni wengi. Hakuuliza nani hayumo.

Abdiel hayumo. Kwenye orodha bado yu hai. Mtu wa nyumba yake ni mimi, na anayeketi upande wa kompyuta ni mimi.

Jumatatu, 24 Machi

Leo programu imeanza kutuma meseji za kila Jumatatu. Simu ya Abdiel ililia juu ya kabati: "Ndugu Abdiel Kaaya, fika mwenyewe ofisini kusaini upya zamu yako ya maji, mwisho tarehe 30 Mei. Asiyefika zamu yake itapewa mwingine." Maneno hayo niliyaandika mimi mwaka juzi. Yeye ndiye aliyenishauri niongeze "mwenyewe", kwa sababu watu walikuwa wanatuma watoto.

Hapo ndipo nilipo. Nikimwacha hai, hatafika kusaini, na tarehe 30 Mei ikipita shamba letu linakosa maji. Nikimwandika, ukoo utakaa. Mtoto wetu ni mmoja, Joyce, nesi Dodoma, na maji ya mfereji hayamfuati msichana Dodoma. Mimi ni mtu wa Machame, niliyeletwa hapa na ndoa. Shamba la Elihuruma liko chini ya letu kwenye mfereji huo huo. Kila mtu anajua maji yatateremkia wapi.

Shambani kwetu ni vitunguu vya majani, kabichi, na mistari mitatu ya kahawa ya mama yake Abdiel. Bila maji, Julai kila kitu kitakuwa rangi ya udongo.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Simu imeita tena. Elihuruma. Sikupokea.

Jumatano, 2 Aprili

Oscar amenifundisha kukata mikia. Kwanza kuiona. Anaiambia mashine ioneshe kila jina na kigingi nyuma yake, kimstari kimoja kilichosimama. Jina safi linagusa kigingi. Jina lenye nafasi tupu linasimama mbali nacho, kama mtu na ng'ombe aliyefungwa kwa kamba ndefu. Nilishuka orodha yote nikitazama ule utupu. Utupu una urefu, sikujua.

Kisha akanipa amri ya kukata. Unaandika unachotaka kiondolewe mwishoni, nafasi, nukta, mkato, na mashine inakula kutoka nyuma ikienda mbele, kwa mpangilio wowote, mpaka ikutane na kitu ambacho hukukitaja. Jina likiwa na nukta, nafasi, nukta, mkato, zote zinaondoka kwa pumzi moja. Niliitazama orodha ikinyooka na nikahisi kitu kama furaha. Haikukaa muda mrefu. Nilikumbuka kwamba sina wa kumwambia.

Abdiel hakumaliza kikombe cha chai hata siku moja. Alibakiza funda moja chini, na nilipomuuliza alisema ni la majani. Lilikuwa funda zuri tu, la maziwa. Nimelimwaga kila asubuhi tangu tuoane, kwenye mgomba ulio nyuma ya jiko.

Jina lake lilikuwa na nafasi mbili nyuma. Sasa linagusa kigingi.

Mikia ya "mar" Oscar amesema tuiache kwanza. Anakwenda Karatu kwa kazi nyingine, akirudi tutaishughulikia pamoja. Amechukua nakala ya orodha kwenye flashi.

Jumapili, 6 Aprili

Joyce amepiga. Aliuliza kama nakula. Nikasema nakula.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo amekuja Anyesi, mke wa Kisioki Laizer wa upande wa magharibi, na shemeji yake. Kisioki amefariki wiki iliyopita. Nilimfahamu. Alikuwa anavaa kofia ya sufu hata Januari, na akiingia ofisini aliivua na kuipiga kwenye goti kana kwamba ina vumbi. Anyesi alikuwa ameishika kofia hiyo mkononi. Waliketi kwenye benchi. Mvua ilikuwa imelowesha kanga yake mpaka kiunoni na hakujali.

Akasema, "Kisioki ametutoka."

Nikaandika. Herufi tatu na nafasi moja mbele yake. Niliposimama kuwapa mkono, aliushikilia wangu.

"Na wa kwako, mama, nani alikuandikia?"

Nikasema bado.

"Nilifikiri karani anaanza na wa kwake," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza bei.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani. Elihuruma alikaa safu mbili nyuma yangu na nilihisi macho yake shingoni. Nilitoka kwa mlango wa kwaya. Mlima haujaonekana wiki nzima.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilirudi mapema nikamkuta Elihuruma amesimama kwenye ukingo wa mfereji mbele ya shamba letu, mikono nyuma, akiangalia kahawa ya mama yao kama mtu anayeangalia ng'ombe mnadani. Aliponiona alisalimia, akaniita shemeji, akasema majani yameanza kuziba banio la juu. Nikasema nitatafuta mtu. Akasema hapana haja, yeye atatoa. Nikasema asante, nitatafuta mtu. Akaondoka.

Hakusema habari ya zamu. Hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Anangoja niianze mimi.

Jumatatu, 28 Aprili

Meseji. Ndugu Abdiel Kaaya, fika mwenyewe.

Jumatatu, 5 Mei

Mzee Lesian amekuja na gumboti zilizojaa tope, akaziacha mlangoni na kuingia na soksi. Watu wa sistimu mpya wamempigia, wanataka orodha safi kabla ya katikati ya mwezi. Nikamwambia tumsubiri Oscar. Akasema Oscar yuko Karatu na barabara imekatika, na kwamba mimi nimefundishwa. "Mama Joyce, mtu aliyeoneshwa njia mara moja hasubiri kushikwa mkono." Nikasema nitajaribu.

Alipokuwa anavaa gumboti alisema, bila kunitazama, "Na ule mwingine. Ukiwa tayari." Nikajifanya nasoma.

Ijumaa, 9 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilifanya kama Oscar alivyoniagiza kwenye karatasi. Nilifungua safu mpya inayoitwa hali, nikaiambia mashine kila jina linaloishia na "mar" liandikiwe marehemu kwenye safu hiyo, na mengine yote hai. Ilikubali. Niliangalia mmoja mmoja, wote wamo. Kilichobaki ni kuukata mkia wenyewe kwenye majina.

Nilikumbuka ile amri ya Aprili. Pale nilipokuwa nimetaja nafasi, nukta na mkato, nikataja nafasi na "mar". Nilifikiri mashine italitafuta neno. Nilifikiri itafika mwishoni mwa jina, itaangalia kama kuna neno hilo, na pasipo na neno itapita. Nikabonyeza. Nikahifadhi. Umeme ulikatika baada ya muda mfupi, ukarudi, na nikafungua orodha ili niione.

Mashine haijui neno. Inajua herufi. Ilichukua m, a, r, na nafasi, ikala kutoka nyuma kwa mpangilio wowote, kama ilivyokula nukta na mkato, mpaka ikutane na herufi ambayo sikuitaja. Kisioki Laizer mar imekuwa Kisioki Laize. Na haikuishia kwa marehemu. Ilipita kwa kila mtu. Bibi Kandida Urassa, aliyeniuzia ndizi juzi, amekuwa Urass. Akina Mollel wamepona, akina Mbise wamepona. Akina Laizer wote wamekatwa, wazima na wafu. Akina Kaaya wote wamekatwa.

Nilishuka mpaka kwake. Abdiel Kaay.

Mimi sikuwa nimemwekea mkia. Miezi yote hii nilikataa kumwekea. Mashine ikaenda kutafuta kifo mahali ambapo sikukiandika, na ilipokikosa ikang'ata kilichokuwepo.

Nilimpigia Oscar mpaka simu yangu ikaisha chaji. Hapatikani. Nilifunga ofisi nikakaa kwenye benchi la wageni kwa nje, chini ya paa, nikitazama maji yakishuka barabarani yakiwa mekundu.

Jumamosi, 10 Mei

Hapatikani.

Jumatatu, 12 Mei

Nilikuwa nimesahau kwamba leo ni Jumatatu.

Programu ya meseji haijui habari ya safu mpya. Inajua tu kumruka mwenye mkia. Mikia haipo. Alfajiri, kabla sijafika ofisini, iliwatumia wote. Walio hai wakapata majina yao yakiwa yamekatwa, na marehemu wakaitwa kuja kusaini. Fika mwenyewe.

Saa tatu ukumbi wa ofisi ulikuwa umejaa. Bibi Kandida alikuwa wa kwanza, na alikuwa anafurahia. Aliuliza herufi yake ya mwisho nimempa nani, maana mume wake alimwoa kwa jina zima na mahari haikupunguzwa. Mwingine akamwambia ashukuru, ng'ombe wakikatwa mikia huwa wananenepa. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, kwa sababu nilikuwa naogopa kunyamaza.

Wale wengine walikuwa wamekaa nyuma. Sikuwaona mpaka wenye kicheko walipotoka. Mzee mmoja alikuwa na simu ya mwanaye. Mama mmoja alisema hakuja kulalamika, alitaka tu kujua kama kuna jambo jipya kuhusu mume wake. Sikuelewa alimaanisha nini, halafu nikaelewa, na sikuwa na pa kuweka macho yangu.

Anyesi alikuja mwisho. Alikuwa ametembea kwenye tope kutoka kwao. Aliweka simu ya Kisioki mezani, meseji ikiwa wazi, jina likiwa halina herufi yake ya mwisho.

"Mmemfufua," akasema. "Lakini hamkumrudisha mzima."

Nilimwomba radhi. Nilimweleza habari ya mashine na herufi, na nilipokuwa naeleza nilisikia jinsi maelezo yanavyokuwa madogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ameshaandikwa tena au aseme upya. Nikasema ameandikwa, yumo kwenye safu mpya, hana haja ya kusema tena.

"Nitasema tena," akasema. Akaketi kwenye benchi. "Kisioki ametutoka."

Sikuwa na kitu cha kuandika. Nilibonyeza kitufe kirefu cha nafasi, ili asikie kitufe.

Jumanne, 13 Mei

Simu imeita asubuhi. Elihuruma. Sikupokea. Naye bila shaka alipata meseji, Ndugu Elihuruma Kaay, na anataka kunicheka au kunikumbusha.

Ijumaa, 16 Mei

Oscar amerudi jana. Hakunilaumu. Alivua miwani, akaipangusa, akasema amri ile imewaonea watu wengi, kwamba inasomeka kama neno na inafanya kazi kama kapu la herufi. Alisema angenionya kama angejua nitaigusa. Kutoka kwenye nakala ya flashi alirudisha majina kwa namba za uanachama, kila jina mahali pake, na safu ya hali haikuguswa. Mikia akaiondoa kwa njia nyingine, inayotazama neno zima, na programu ya meseji akaielekeza isome safu ya hali. Waliosajiliwa baada ya nakala ile kuchukuliwa tuliwarudisha kwa kichwa changu. Niliwakumbuka wote. Mmoja alikuja na mtoto mgongoni aliyekuwa anakula karatasi. Mwingine alikuwa na bandeji kidoleni.

Tulipofika kwa Abdiel, jina lilikuwa zima. Oscar aliangalia safu ya hali. Hai. Alijua, alikuja msibani. Alisimamisha mkono juu ya kibodi na kungoja.

Nikasema, "Utaratibu ni mtu aje."

Akasema, "Sawa, mama." Akashuka mstari unaofuata.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua inapungua. Nilikwenda sokoni Kwa Mrombo kuuza vitunguu vya majani. Mama mmoja mteja wetu aliuliza yule baba mcheshi yuko wapi. Nikasema yupo nyumbani. Nilitembea mpaka stendi nikiwa nimebeba uongo huo pamoja na kapu.

Jumatatu, 26 Mei

Meseji ya mwisho. Ndugu Abdiel Kaaya, zimebaki siku nne.

Leo sikumkasirikia yeyote. Niliketi kitandani nikiwa na simu yake mkononi, nikaona kwamba nimekuwa nikimwita mtu aliyekufa kila Jumatatu, kwa maneno yangu mwenyewe, kisha nangoja kuona kama atakuja. Anyesi aliitwa mara moja tu na ilimtosha kutembea kwenye tope. Mimi nimejiita tangu Machi.

Alhamisi, 29 Mei

Simu ya Abdiel iliita asubuhi. Nilipokea.

Nikasema, "Elihuruma, kesho asubuhi njoo ofisini." Nilisikia jogoo wake. Kisha akasema, "Shemeji," kwa sauti ndogo, na akakata.

Ijumaa, 30 Mei

Alikuwa amefika kabla yangu. Amevaa koti jeusi la msibani, viatu amevipangusa kwa majani. Tulisalimiana bila kushikana mikono.

Mzee Lesian nilimwomba jana aje. Nilimwonesha kiti changu. Alisema hajawahi kuigusa kompyuta, nikasema nitamwelekeza. Akaketi. Nikazunguka meza.

Benchi lile ni la chini kuliko nilivyofikiri. Ukiketi hapo huioni skrini, unaona mgongo wake tu, nyaya, na vumbi ambalo sikuwahi kulipangusa. Miaka yote hii watu wamesema maneno yao wakitazama vumbi hilo.

Mzee Lesian aliuliza kama inavyoulizwa, "Nyumba gani, na mmekuja kwa jambo gani?"

Elihuruma alinitazama. Nilijua angesema yeye kama ningenyamaza. Nilitazama vumbi.

"Nyumba ya Kaaya, banio la juu," nikasema. "Abdiel ametutoka."

Mzee alitafuta kipanya cha kompyuta kama mtu anayetafuta kitu gizani. Nilimwambia kutoka kwenye benchi, sogeza chini, safu ya pili, bonyeza, chagua. Ilichukua muda mrefu. Elihuruma alikuwa analia bila sauti, mikono juu ya magoti, na mimi nilikuwa natoa maelekezo. Kisha Mzee akasema imekubali.

Niliporudi upande wangu nilitazama. Jina zima, halina kitu nyuma yake. Marehemu iko kwenye safu ya pembeni, mbali kidogo.

Jumamosi, 14 Juni

Ukoo umekaa. Niliwapelekea chai na kutoka nje. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, siku nzuri, siku ya kiangazi. Waliniita baadaye.

Zamu imekwenda kwa Elihuruma. Mimi nimepewa maji ya mkiani, yale yanayobaki mferejini banio likishafungwa, yanayoendelea kutiririka kidogo kabla ya kukauka. Wazee walisema kwa upole. Walisema ni desturi, na ni kweli, ni desturi. Maji hayo yanatosha kulowesha mstari mmoja wa kahawa.

Vikombe nilipovikusanya, vyote vilikuwa vitupu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimebadilisha jina mwenyewe, ni kazi yangu. Nilifuta herufi za Abdiel moja moja kutoka nyuma, bila amri. Nikaandika Elihuruma Kaaya, na kwenye safu ya hali, hai. Namba ya simu sikuigusa.

Jumatatu, 23 Juni

Simu ya Abdiel ililia juu ya kabati. "Ndugu Elihuruma Kaaya, zamu yako ya banio la juu ni kesho Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi."

Nilikwenda kumwambia. Nilimkuta ananoa jembe. Nilimwambia maji ni yake kesho, na kwamba meseji imekuja kwangu kwa sababu sikubadilisha namba, nitaibadilisha nikifika ofisini.

Aliendelea kunoa. "Usiibadilishe."

"Meseji zako zitakuwa zinakuja kwangu."

"Zije. Utaniambia." Akalaza jembe chini. "Ukibadilisha, shemeji, ile simu utaizima."

Nikamuuliza kwa nini alikuwa anapiga kila mara, tangu Januari, kama halikuwa jambo la maji.

Alitafuta kitambaa, akapangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. Alisema kila asubuhi walikuwa wanapigiana kwenda kutoa majani banioni. Kidole kinakwenda chenyewe, alisema. Alikuwa anaisikia ikiita, na ikiita anajua iko ndani ya nyumba ya kaka yake. "Siku ile ulipopokea nusura nianguke. Sikutegemea mtu apokee."

Nilirudi kwa njia ya mfereji.

Jumanne, 24 Juni

Maji yamepita mbele ya shamba letu saa kumi na mbili, yakashuka kwake. Niliyasikia nikiwa jikoni. Vitunguu vya mstari wa juu vimeanza kugeuka manjano kwenye ncha.

Kabla ya chai simu ya Abdiel iliita. Sikupokea. Niliishika mkononi, nikaiacha iite mpaka iliponyamaza yenyewe.